Matanga ya Nyundo ya Semboja

Haya! Nirushe nisirushe?

— Rusha!

Nikirusha mtadaka?

— Tutadaka!

Kwa mikono?

— Kwa masikio!

Na ikiwapita?

— Tutaikimbilia!

Mkimbie kweli, maana mimi nikirusha hadithi haianguki karibu. Ya mwaka juzi mpaka leo iko hewani, inatafuta pa kutua.

Hapo kale, kale ile ya kabla jana haijazaliwa, palikuwa na mji unaitwa Kwembeo. Ulikuwa mji wa kazi. Watu walifanya kazi mpaka vivuli vyao vikatoka jasho. Na katika mji huo palikuwa na mhunzi, mfua majembe, jina lake Semboja.

Mhunzi mnamjua? Sisemi huyu wenu wa siku hizi, anachomelea geti leo, kesho linafunguka lenyewe linawakaribisha wezi. Nasema mhunzi! Semboja akipiga nyundo huku, mbuzi wa mji wa pili wanazaa kabla ya siku zao. Akivuta mivukuto, mawingu yanasogea. Jembe lake ukilisimika shambani jioni, asubuhi unakuta limeshalima kwako, limelima na kwa jirani, na jirani kaja na fimbo anadai umemwibia mpaka. Niliyaona? Sikuyaona. Aliyenisimulia naye hakuyaona. Lakini sote wawili tuko tayari kuapa.

Basi siku moja Semboja akainua nyundo. Nyundo ikapanda. Nyundo ikafika juu. Nyundo ikabaki huko huko!

Bega limekataa.

Likakandwa kwa maji ya moto, likakataa. Likapakwa mafuta ya simba, likakataa. Likabembelezwa kama mtoto wa kuachishwa ziwa, likakataa. Mdogo wake, Sekiete, ndiye aliyeshika nyundo. Semboja akatoka nje, akakaa juu ya gogo, akawa anasikiliza chuma kinavyolia kwa mkono wa mtu mwingine.

Mnacheka. Chekeni, nyundo kubaki hewani ni kichekesho. Lakini hebu fikiri na wewe, hapo ulipokaa. Miaka yote unaitwa Mhunzi. Mkeo anaitwa mke wa mhunzi. Mbwa wako anaitwa mbwa wa mhunzi. Asubuhi moja unaamka, unapapasa, jina halipo. Limebaki bega linalouma, na mbwa anakutazama kama anakuuliza: Sasa sisi ni nani?

Ndivyo ilivyokuwa kwa Semboja. Na mbwa alimtazama hivyo hivyo.

Sasa Kwembeo walikuwa na mila yao, isikilizeni maana hadithi yote imening'inia hapo. Kila mtu alikuwa na kazi aliyoiapia. Mwezi ukiandama, unakwenda uwanjani mbele ya Jumbe, unasimika chombo chako ardhini. Mkulima jembe, mrina asali shoka, mvuvi wa mtoni upondo wa kusukumia mtumbwi. Unakishika, unasema: "Hiki ndicho mimi." Ukishasema, umesema. Kubadili ni ruhusa, lakini mara moja tu maishani. Ukichagua vibaya hiyo mara ya pili, utakula nayo, utalala nayo, utazikwa nayo. Na asiyeapa kitu anapewa kuchunga kanga wa Jumbe.

Kanga mnawajua? Kanga ndege! Kanga hachungiki. Ukimwita kushoto anakwenda kulia, ukimwita kulia anapanda juu ya nyumba anakutukana. Mtu mzima na ndevu zake anashinda akikimbia na kijiti. Watoto wanamcheka, na kanga nao wanamcheka.

Jumbe Mhina akamwita Semboja.

"Fundi, pole na bega."

"Nimeshapoa, Jumbe."

"Mwezi ukiandama, uje na chombo kipya. Nakuheshimu sana, lakini mila sikuitunga mimi."

"Na nisipojua nije na kipi?"

"Uliza watu. Mji umejaa watu."

Ni kweli, mji ulijaa watu. Lakini Kwembeo mhunzi aliogopwa. Aliyefua jembe lako anaweza kulinuizia, likakugeuka. Mbele ya Semboja watu walitabasamu mpaka meno ya nyuma yakapigwa na jua. Na huyo wanayemwogopa ndiye aliyekuwa anakwenda kuwaomba shauri la kweli.

Akatoka. Njiani akampita Bi Mashavu, mfinyanzi, anapanga vyungu vyake vikauke. Mashavu alikuwa mtani wake. Yeye ukoo wa Mvua, Semboja ukoo wa Vumbi, na koo hizo zilitaniana tangu mawe yakiwa malaini. Mtani anaingia kwako anamchukua jogoo, unacheka. Anakutukana mbele ya mama mkwe, unacheka. Hata msibani, mtani ndiye anayeruka juu ya jeneza, akamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokoroma, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Anayemkasirikia mtani anatozwa mbuzi.

"We mtani!" Mashavu akaita. "Mtu wa Vumbi! Upepo unakupeleka wapi?"

"Natafuta shauri la kazi."

"Mbona mimi huniulizi?"

"Wewe nikuulize nini, mtani? Utanipa nini zaidi ya matusi? Nyie watu wa Mvua mnaanguka tu, hamtazami mnamwangukia nani."

Mashavu akacheka, akapiga chungu kofi. Semboja akapita.

Akafika kwa Sechambo, mrina asali.

"Shauri?" Sechambo akasema. "Fundi, wewe wa kuuliza? Umezoea moto, umezoea moshi. Asali inakungoja! Nyuki watakusalimia."

Nyuki wakamsalimia. Wakamsalimia puani. Wakamsalimia masikioni. Wakamsalimia mahali ambapo mtu mzima hasalimiwi. Alirudi amevimba, mkewe Mwajabu akamfungia mlango akidhani ni kiboko kapotea njia ya mtoni.

Kesho yake akatoka tena. Mashavu akaita:

"We mtani! Sura hiyo umeazima kwa nani? Mbona mimi huniulizi?"

"Niache, mtani."

Akafika kwa Kinyogoli, manju wa ngoma.

"Fundi, wewe umeishi kwa kupiga! Mkono mmoja mzima unatosha. Kaa hapo, piga."

Palikuwa na arusi. Semboja akasimama mbele ya ngoma kuu, akakumbuka chuma, akashusha mkono wa kushoto. Pu! Mkono ukaingia ndani ya ngoma mpaka kwapani. Wakavuta, hautoki. Alicheza arusi nzima na ngoma mkononi kama mtu aliyevaa kisima. Bwana arusi alicheka mpaka akasahau anamwoa nani.

Siku ya tatu akatoka, amechoka. Mashavu akaita, safari hii bila kelele:

"Mtani. Mbona mimi huniulizi?"

Semboja akapita. Mwezi wa zamani ulikuwa umebaki kama ukucha uliokatwa.

Akafika kwa Mzee Kiluvia, mganga. Waganga mliopo hapa msininunie, nasema wa Kwembeo! Kiluvia akamzunguka, akamtazama juu, akamtazama chini.

"Fundi, kazi hii ni sura. Wewe sura unayo. Watu walikuogopa jana, watakuogopa kesho. Chukua mkoba huu. Wakiuliza, nyamaza. Wakilia, nyamaza. Wakimaliza, toa gome."

"Gome gani?"

"Litakalofika mkononi."

Sasa hapa tuliza roho, msikilizaji, maana hapa hapachekeshi.

Semboja alishindwa asali. Alishindwa ngoma. Uganga hakushindwa.

Alikaa kimya na masizi yake usoni, watu wakatetemeka. Wakaja wa tumbo, wakaja wa kichwa, wakaja wa mapenzi. Akaja mama mmoja, Kibibi, mgongoni kabeba mtoto ana joto la mkaa. Semboja alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu hakujua. Lakini Kibibi aliona katika kimya kile busara kubwa kama mlima, akapiga magoti. Mkono wa Semboja ukaingia mkobani, ukatoka na gome.

Asubuhi mtoto akaamka anadai uji.

Mji ukalipuka! "Mganga! Mganga Semboja!" Mkewe akaitwa mke wa mganga. Mbwa akaitwa mbwa wa mganga, akaanza kutembea kwa maringo. Jina lilikuwa limerudi nyumbani.

Jioni ile Mwajabu alikuwa anamenya mihogo. Semboja akakaa karibu yake.

"Mwajabu."

"Abee."

"Lile gome sijui ni gome gani."

Kisu kikasimama. "Usimwambie mtu."

"Na atakayekuja kesho nitampa nini?"

Mwajabu akamenya muhogo ule mpaka ukabaki mwembamba kama kidole. Baadaye akasema polepole, "Kuna kanga wa Jumbe, mume wangu. Na watoto wetu watakuona."

Ndiyo hivyo. Upande huu kanga, upande ule gome. Na mwezi hausubiri mtu apate akili.

Siku ya kiapo ikafika. Semboja akavaa mkoba, akatoka. Nyuma yake mji mzima. Watu walikuwa wengi mpaka mwanzo wa msafara ulifika uwanjani mwisho wake ukiwa bado haujazaliwa. Nawapunguzia hapo, kweli yenyewe ni zaidi.

Kwenye kona ya mwisho, kabla ya uwanja, njia ikaziba.

Jeneza! Jeneza limelazwa katikati ya njia, limefunikwa mkeka. Kando yake ukoo mzima wa Mvua wamejitupa chini, wanagaragara, wanalia kwa sauti za kukwaruza mbingu.

"Uuuwi! Ametutoka! Uuuwi! Fundi Semboja ametutoka!"

Msafara ukasimama. Jeneza halirukwi isipokuwa na mtani, hata Jumbe haliruki.

"Nani amekufa?" Jumbe Mhina akauliza, kwa sababu Semboja alikuwa amesimama pale, mzima, anapepesa macho.

Mashavu akainuka, vumbi nywele nzima. "Semboja, Jumbe! Maiti yake hii hapa!" Akafunua mkeka. Ndani ya sanda ya magunia imelala nyundo kuukuu ya Semboja. Asubuhi Mashavu aliingia kiwandani akaitungua ukutani, Sekiete akatazama tu akicheka, maana mtani akichukua, kachukua.

"Uchuro huo!" Mzee Kiluvia akafoka. "Kumlilia mtu aliye hai!"

"Umekasirika, mzee? Na wewe si wa ukoo wa Vumbi? Haya, mbuzi mmoja!"

Watu wakacheka, Kiluvia akameza mate.

"Kaeni chini, wafiwa," Mashavu akasema. "Marehemu haondoki bila kuigizwa."

Mila ni mila. Jumbe akakaa. Mji ukakaa. Semboja naye, marehemu, akakaa kwenye matanga yake mwenyewe.

Mashavu akajifunga ngozi ya kufulia chuma, akajipaka masizi, akavuta mdomo ukawa mrefu kama wa Semboja anapowaza. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Kibinti mmoja wa ukoo wa Mvua akaja akichechemea, kashika jembe kuukuu.

"Fundi, nataka jembe jipya."

Mashavu hakumtazama mtu. Akalishika jembe. Akaligeuza juani. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, kama anavyopapaswa mtoto aliyelala. Akaguna, guno lile lile la Semboja, mpaka mbwa wa Semboja akatikisa mkia.

"Hmm. Limelika kushoto."

"Ndiyo, Fundi."

"Unalima umeegemea. Goti la kulia linakuuma tangu lini?"

"Tangu masika, Fundi. Sijamwambia mtu."

"Umeliambia jembe. Nitakutilia mpini mrefu, usiiname. Na lile shamba la mteremko mwachie nduguyo. Kaa, chuma kiive."

Watu wakacheka sana. Walikuwa wanamwona! Semboja mwenyewe akacheka. Akaja wa pili, kijana mrefu wa ukoo wa Mvua.

"Fundi, jembe langu hili, lipige makali."

"Hmm. Mwaka mzima na makali bado mapya. Wewe mkulima wa wapi?"

"Nalima, Fundi."

"Hulimi. Na mpini mbona una maua?"

"Nikipumzika nachongachonga tu."

"Unapumzika kuliko unavyolima. Wewe si mtu wa jembe, bwana. Nenda kwa wachonga milango, waambie Semboja kakutuma."

Hapo mtu mmoja nyuma ya watu akasimama. Wakageuka. Alikuwa mchonga milango wa Jumbe, yule ambaye milango yake ilikuwa mizuri mpaka wezi walikuwa wanapiga hodi.

"Huyo mimi," akasema. "Aliyeambiwa hivyo ni mimi. Nililia njia nzima, nikidhani kanifukuza."

Kicheko kikapungua.

Akasimama mama mmoja. "Mimi jembe langu aliligeuza mara moja tu akaniambia, una mimba, kamwambie mumeo. Nilikuwa bado mwenyewe sijajua."

Akasimama mzee mmoja. "Mimi na ndugu yangu tulipeleka majembe siku moja. Akatuambia, yote mawili yameliwa na jiwe moja. Mnagombea mpaka wa shamba, na hapo penyewe ni mawe matupu. Tukacheka, tukaacha."

Wakasimama wengine, na wengine, mpaka waliokaa wakawa wachache kuliko waliosimama. Na sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

Semboja alikuwa anatazama mikono yake. "Hayo?" akasema. "Hayo yalikuwa maneno tu. Maneno ya kusubiri chuma kiive."

Mashavu akavua ngozi. Akafuta masizi. Jamani, mtani akichekesha, kaa starehe, lakini mtani akinyamaza, shika ulichonacho. Mashavu alinyamaza. Hata kanga wa Jumbe kule kwenye mapaa wakanyamaza, jambo ambalo halijatokea tena.

"Marehemu huyu," akasema, akionyesha nyundo, "alikuwa mkono. Mkono umekufa, leo tunauzika, tumeshalia vya kutosha. Lakini mimi nimezunguka mji huu mzima na vyungu vyangu kichwani, sijamkuta mtu aliyeona jicho la Semboja limekufa. Nani ameliona?"

Safari hii hakusimama mtu.

"Na huyu mwenye jicho anakwenda kule uwanjani kuapa kazi ya kufumba macho. Mtani, nilikuuliza mara tatu: mbona mimi huniulizi?"

"Nilijua utanitania."

"Basi nimekutania. Umesikia?"

Semboja akainuka. Akavua mkoba begani. Akawatafuta watu kwa macho, mpaka akampata Kibibi na mtoto wake.

"Dada Kibibi, nisamehe. Siku ile gome nililokupa sikulijua. Lingeweza kuwa la kuponya, lingeweza kuwa la kuua. Sikujua, nikanyamaza."

Kibibi alimvuta mtoto, akamfunika kwa nguo yake, akambana kifuani kama vile gome lile lilikuwa bado linakuja. Semboja alimwona akifanya hivyo. Aliapa baadaye kwamba bega halikuwahi kumuuma vile.

Mkoba akaurudisha mikononi mwa Kiluvia. Halafu akamgeukia yule kibinti wa kuigiza.

"Niazime hilo jembe."

Lilikuwa kigutu, jembe lililoliwa na ardhi mpaka likabaki kama kijiko. Akaingia nalo uwanjani. Akaliinua kwa mkono wa kushoto, akalisimika.

"Hiki ndicho mimi."

Jumbe Mhina akakizunguka kile kigutu. "Fundi, hiki hakilimi."

"Hakilimi, Jumbe. Kinasema. Mtu akiniletea chombo chake kilicholika, nitamwambia kimelikia wapi. Labda atajua aende nacho wapi."

"Kazi hiyo inaitwaje?"

"Sijui."

"Na ukikosea?"

"Nikijua nitasema. Nisipojua, nitasema sijui."

Minong'ono ikapita uwanjani kama upepo kwenye mtama. Watu wa Kwembeo walikuwa wameapa kulima, kuvua, kurina, kuozesha, kuzika. Hajapata kutokea mtu aliyeapa kwamba kuna siku atasema sijui.

Jumbe akakuna ndevu, muda mrefu, mpaka nyingine zikaota. Halafu akasema, "Nimesikia. Mji umesikia. Ila kanga wangu watasikitika."

Basi Semboja akarudi kwenye gogo lake, pale pale nje ya kiwanda. Ndani Sekiete anapiga chuma, nje Semboja anageuza majembe juani. Na baada ya masika moja hawakuja na majembe tu. Vijana waliokuwa hawajui waape nini walikuja kutoka hata miji ya mbali. Huyu kaleta upondo. Huyu kaleta sindano ya kushonea mikeka. Huyu hana chombo, kaleta kandambili za ngozi zilizoisha kisigino, akaambiwa, "Wewe unasimama mno mahali pamoja unangoja, kwani unamngoja nani?" Huyo alilia, akaenda zake, na inasemekana akawa tarishi mwenye mbio kuliko habari alizobeba. Ilibidi afike, akae, aisubiri barua.

Sitawadanganya kwamba wote waliridhika. Mimi nadanganya mambo makubwa tu, madogo nayaacha. Wengine aliwageuzia chombo, akakitazama mpaka jua likahama, akawarudishia: "Sijui, mwanangu. Kakitumie tena, uje mwakani." Wakaondoka wamenuna, wanasema mzee kaisha. Bega lake halikupona. Na kuna asubuhi, Sekiete akipiga nyundo ikalia sawasawa, Semboja aliufumba mkono wake juu ya goti, akaufumbua. Mwajabu alikuwa anaona, alikuwa anapita na maji yake.

Sasa mnasema, na Mashavu? Mnadhani nimemsahau? Mimi nisahau mtani!

Siku moja akaja, amejishika kiuno.

"We mtani! Kuna jogoo wangu hapa. Nilikuzika bure, na kaburi la nyundo nilichimba mwenyewe."

"Mchukue, mtani. Yule pale."

"Nitamchukua. Lakini kwanza nitazame na mimi. Nimetumia chombo changu miaka, nataka kujua kimelikia wapi."

"Kiko wapi chombo?"

Mashavu akatoa ulimi.

Wote waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Semboja hakucheka. Akasogea. Akainamisha kichwa. Akautazama ulimi ule juani, upande huu, akautazama upande ule, kama alivyotazama majembe ya watu maisha yake yote.

"Hmm," akasema.

"Ehe? Umekwisha upande wa utani, siyo?"

"Hapana. Upande wa utani bado mpya kabisa, kama jembe la yule mchonga milango. Huu umelika upande wa kweli, mtani. Sijui umebakije."

Mashavu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa neno, ambaye aliwahi kubishana na radi mpaka radi ikaomba radhi, akafunga mdomo. Akatafuta tusi, hakulipata. Akatafuta la pili, hakulipata. La tatu hakulitafuta.

Akamkamata jogoo kwa mabawa, akaondoka naye, na njia nzima aliyekuwa anapiga kelele ni jogoo peke yake.

Haya! Nimerusha, mmedaka?

— Tumedaka!

Kwa mikono?

— Kwa masikio!

Aliyedaka aende nayo kwake, ailaze pazuri. Iliyomponyoka asiitafute gizani, kesho ataikuta mlangoni kwangu, imeshanenepa.

— Na ikiwa ya uongo?

Ikiwa ya uongo, mrudishieni mtani wangu. Ikiwa ya kweli, basi mjue niliifua mimi mwenyewe, kwa mkono mmoja, na nyundo mpaka sasa iko juu.